New Orleans: Ufaransa Iliyojengwa na Wengine

Ijumaa Kuu ya tarehe 21 Machi 1788, baada ya saa saba mchana, moto ulizuka katika nyumba moja ya mtaa wa Chartres, New Orleans. Inasemekana mshumaa wa altare ya nyumbani ulishika pazia. Upepo wa kusini ulikuwa mkali na nyumba zilikuwa za mbao. Majengo 856 kati ya takriban 1,100 yakateketea. Tarehe 8 Desemba 1794 moto mwingine ukala majengo 212. Mji wa mbao uliojengwa na Wafaransa tangu 1718 ukawa majivu. Basi watalii wanaomiminika leo kusini mwa Marekani kuona "mji wa Kifaransa" wanatazama nini hasa?

Vipeperushi vina jibu tayari. Vinautaja mtaa wa French Quarter, ambao wenyeji wa kale waliuita Vieux Carré, na kumwonyesha mgeni roshani za chuma zilizoning'inizwa maua, kahawa yenye chikori na maandazi ya beignet yaliyofunikwa kwa sukari ya unga. Majina ya mitaa nayo yanasaidia: Bourbon, Toulouse, Dauphine, Orleans. Lakini jina ni kitu chepesi. Mtu huweza kulibandika leo na kulibandua kesho. Mimi nilitaka kitu kizito: tofali, boriti, karatasi yenye tarehe na sahihi. Kitu kama hicho kinapatikana wapi?

Nilianzia Jackson Square, uwanja ulio mbele ya kanisa kuu, hatua chache kutoka Mto Mississippi. Wafaransa waliuita Place d'Armes, uwanja wa gwaride. Mhandisi wa kijeshi alichora ramani ya mitaa iliyonyooka kwenye miaka ya 1721 na 1722. Septemba 1722 kimbunga kikavunja vibanda vilivyojengwa ovyo ovyo, na ramani ikapata nafasi. Mitaa ya leo inafuata mistari ileile. Hapo nikakubali: mpango wa mji ni wa Kifaransa, tena bila ubishi. Je, na vilivyosimama juu ya mistari hiyo?

Kushoto kwa kanisa lipo jengo la Cabildo, lililokuwa baraza la utawala. Mtalii hupiga picha paa lake lenye miteremko mikali na madirisha yaliyochomoza, akasema, hii ndiyo Paris. Tarehe zinakataa. Jengo lilijengwa kati ya 1795 na 1799, wakati bendera iliyokuwa ikipepea uwanjani ilikuwa ya Hispania. Paa hilo liliongezwa mwaka 1847, wakati bendera ilikuwa ya Marekani. Yaani ni jengo la Kihispania lililovikwa kofia ya Kifaransa na Wamarekani. Kanisa lenyewe, kama linavyoonekana leo, ni kazi ya miaka ya 1850 kwa sehemu kubwa. Sasa Hispania iliingiaje katika hadithi ya Ufaransa?

Iliingia kwa mkataba wa siri. Mwaka 1762 Ufaransa ilikuwa inaelekea kushindwa vitani, ikaikabidhi Hispania jimbo hili la Louisiana. Wakazi hawakuulizwa. Mwaka 1768 walimfukuza gavana wa kwanza wa Kihispania, lakini mwaka uliofuata Hispania ikarudi na askari na kuushika mji barabara. Mioto yote miwili iliwaka chini ya utawala huo. Baada yake zikaja kanuni za ujenzi: kuta za matofali zilizopigwa lipu, na paa la vigae au la bapa badala ya vipande vya mbao. Ndiyo maana viongozi wengi wa watalii siku hizi wana toleo la pili, na hulitoa kwa fahari ya mtu anayefichua siri: mtaa wa Wafaransa ni wa Wahispania. Je, toleo hili lina nguvu kuliko la kwanza?

Ushahidi wao mkubwa umebandikwa kwenye kuta za pembeni mwa mitaa. Ni mabango ya vigae vya rangi yanayomwambia mpita njia kwamba wakati wa Hispania, 1762 hadi 1803, mtaa wa Royal uliitwa Calle Real. Nilisogea karibu kabisa na bango moja. Vigae vilikuwa laini, rangi ya buluu haijapauka, saruji pembeni ni ya kisasa. Havikuwa vya karne ya 18 hata kidogo. Ni zawadi iliyotoka Hispania katika karne ya 20. Bango linasema kweli kuhusu jina la mtaa, lakini si kitu cha enzi linayoisimulia. Kama Ufaransa inathibitishwa kwa majina na Hispania kwa zawadi ya juzi, nyumba zenyewe zina umri gani?

Jibu linawaudhi wote wawili. Nyumba nyingi za French Quarter ni za karne ya 19, baada ya Marekani kulinunua jimbo zima kwa dola milioni 15 mwaka 1803. Tazama majengo mawili marefu ya matofali mekundu, Pontalba, yanayoukabili uwanja kutoka pande mbili. Yalijengwa kati ya 1849 na 1851. Ukiinua macho kwenye roshani utaona herufi A na P zimefumwa ndani ya chuma, za familia ya mwanamke mwenye cheo cha baroni aliyeyajenga. Chuma hicho kilimiminwa kwenye kalibu kiwandani. Roshani za aina hiyo zilienea mjini baada ya hapo. Kwa hiyo picha ile inayouzwa kuliko zote ni ya enzi ya viwanda. Basi tuseme mji huu ni wa Kimarekani, yaishe?

Hayaishi. Katika mtaa wa Dumaine kuna nyumba iitwayo Madame John's Legacy. Imeinuliwa juu ya ghorofa ya chini ya matofali, ina baraza pana mbele na paa kubwa linaloteremka kuifunika. Ni mtindo wa wakoloni wa Kifaransa wa nchi za joto. Jina lake lilitokana na hadithi fupi ya karne ya 19, kwa hiyo nikaliweka kando na kutafuta mkataba wa ujenzi. Ni wa 1788, baada ya moto. Mwenye nyumba alikuwa ofisa wa jeshi la Hispania. Mjenzi alikuwa Mmarekani. Mtindo ni wa Kifaransa. Nyumba moja, mataifa matatu, na bado mtu mmoja hajatajwa: nani alibeba matofali?

Kabla ya kulifuata swali hilo nilitaka kuona kama kuna jengo lolote la enzi ya Wafaransa lililonusurika. Lipo. Ni nyumba ya watawa wa Ursuline, mtaa wa Chartres, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1750. Watawa hao walifika 1727, wakafungua shule na kuuguza wagonjwa. Ndani kuna ngazi ya mbao za saipresi inayopinda kupanda juu. Ni ya zamani kuliko jengo lenyewe, kwa kuwa ilihamishwa kutoka nyumba yao ya kwanza, ambayo ilioza kwa unyevu. Vidato vyake vimelika katikati, pale miguu ilipokanyaga. Hii ni Ufaransa ya karne ya 18 unayoweza kuishika kwa mkono. Kwa nini basi wageni wengi husimama nje tu, wakitazama madirisha ya juu?

Kwa sababu wameambiwa juu kuna mizimu inayonyonya damu. Hadithi inasema wasichana walioletwa kutoka Ufaransa kuolewa na walowezi walikuja na masanduku yenye umbo la jeneza, na masanduku yakahifadhiwa dari ya juu, madirisha yakapigwa misumari iliyobarikiwa. Niliifuata njia hii kwa sababu ina tarehe: 1728. Haikufika mbali. Kweli wasichana walipelekwa katika koloni, kundi moja mashuhuri lilitua Mobile mwaka 1704, na sanduku dogo la nguo kwa msafiri si ajabu. Mizimu haimo katika karatasi za enzi hiyo. Ni nyongeza ya watu waliogundua kwamba hofu inauza tiketi. Na ile kengele ya moto nayo, tuiweke katika kapu hilohilo?

Nasema kengele kwa sababu kila mtu mjini atakutajia: kwamba mwaka 1788 mji uliungua kwa kuwa makasisi walikataza kengele zisipigwe siku ya Ijumaa Kuu. Toleo hili lina mguu mmoja wa kusimamia. Ni kweli Wakatoliki hunyamazisha kengele kuanzia Alhamisi Kuu hadi mkesha wa Pasaka. Lakini hata kengele zingelia mchana kutwa, upepo ule na mbao zile vingebaki vilevile. Hadithi inawapa makasisi lawama, na lawama hukumbukwa kuliko upepo. Kisa kingine ni cha karakana ya mhunzi iliyoko mtaa wa Bourbon, ambayo leo ni baa. Wanasema maharamia wawili ndugu waliitumia kuficha magendo. Jengo ni la zamani kweli, lakini hati ya kuwaunganisha nalo haijapatikana. Kama majengo yanasema nusu na midomo inaongeza, nani aliandika kwa wakati wake?

Notari aliandika. Sheria za Ufaransa na za Hispania zilitaka kila mauzo, wosia, mkopo na mkataba wa ndoa uandikwe mbele yake na atunze nakala. New Orleans ilirithi desturi hiyo, na hifadhi yake ina mamilioni ya kurasa kuanzia miaka ya 1730. Hapa ndipo urithi wa Kifaransa ni mzito kweli, kuliko roshani zote: mpaka leo sheria za kiraia za Louisiana zina mizizi ya Kifaransa na Kihispania, tofauti na majimbo mengine ya Marekani. Lakini mtu akifungua kurasa hizo akidhani atakutana na viwanja na nyumba tu, anakutana na watu. Jina, umri, kazi, bei. Watu hawa walitoka wapi?

Meli za kwanza zilizobeba mateka kutoka Afrika zilifika Louisiana mwaka 1719, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Katika enzi yote ya Wafaransa walioletwa walikuwa karibu 6,000, na theluthi mbili hivi walitoka Senegambia. Walijua kulima mpunga penye maji, na koloni iliyokuwa ikilala njaa ilihitaji ujuzi huo. Walijenga matuta ya kuzuia mto, wakachimba mifereji, wakafyatua matofali, wakachonga boriti. Kuna maseremala na wahunzi katika orodha za mauzo, na bei zao ni za juu kwa sababu ya kazi hizo. Huyo ndiye aliyebeba matofali. Je, kuna namna ya kumjua kwa karibu zaidi?

Kiasi, ipo. Makarani wa Kifaransa na Kihispania walikuwa na tabia ambayo wenzao wa Kiingereza hawakuwa nayo sana: mara nyingi waliandika kabila au nchi aliyotoka mtumwa. Watafiti wamezikusanya hati hizo katika hifadhidata yenye watu zaidi ya 100,000. Nilipitia orodha ya makabila nikitegemea Afrika Magharibi peke yake. Wamo Wabambara, Wawolof, Wamandinka, Wafon, Waigbo, Wakongo. Kisha, miongoni mwa majina yanayojirudia, nikakuta Makua. Watu wa kaskazini mwa Msumbiji, ambao ndugu zao wako Masasi na vijiji vingine vya kusini mwa Tanzania. Mtu wa pwani yetu alifikaje kwenye kinamasi cha Mississippi?

Njia ilikuwa ndefu lakini si fumbo. Bandari za Msumbiji ziliuza watu kwa wafanyabiashara wa Kifaransa, kwanza kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi, kisha kuzunguka rasi ya kusini mwa Afrika hadi Karibi. Mateka angeweza kuuzwa tena na tena kabla ya kufika Louisiana. Hati haisemi alilia lugha gani wala aliacha nani. Inasema Makua, kisha bei. Hata hivyo inatosha kubadilisha jinsi msomaji wa Mtwara au Nampula anavyoutazama mji huu. Na wote hao, walibaki watumwa hadi kufa?

Si wote. Sheria ya Hispania ilimruhusu mtumwa kudai bei yake mahakamani, akilipa awe huru, hata bwana akipinga. Wanawake waliouza vyakula, mboga na nguo sokoni Jumapili waliweka akiba, wakajinunua, kisha wakanunua watoto wao. Mwaka 1771 watu huru wenye asili ya Afrika waliohesabiwa mjini walikuwa 97. Mwaka 1805 walikuwa zaidi ya 1,500. Walimiliki nyumba, walifanya ufundi, waliunda vikosi vya wanamgambo. Wakati huo huo wengi walizungumza Kifaransa, si Kihispania. Lugha hiyo ingedumuje baada ya Marekani kuuchukua mji?

Hili ndilo swali lililonichukua muda mrefu, na jibu halimo katika Ufaransa. Limo Haiti. Mapinduzi ya watumwa ya 1791 hadi 1804 yaliwatawanya watu wa Saint-Domingue, yaani Haiti ya enzi ya ukoloni, na maelfu wakatua Cuba. Majeshi ya Ufaransa yalipoivamia Hispania mwaka 1808, Cuba ikawafukuza wote waliohesabiwa kuwa Wafaransa. Kati ya 1809 na mwanzo wa 1810 watu 9,059 walifika New Orleans: wazungu 2,731, watu huru wenye asili ya Afrika 3,102, na watumwa 3,226. Hesabu ya 1810 iliupa mji watu 17,242. Zaidi ya nusu, basi, wangeweza kuwa wageni wa jana! Nani atasema Ufaransa hii ilitoka Paris?

Zaidi ya theluthi mbili ya waliokuja walikuwa na damu ya Afrika. Walileta waandishi wa magazeti, wanamuziki, washonaji, waashi. Wakaujaza mji Kifaransa miaka sita baada ya Marekani kulinunua jimbo. Katika jikoni zao na za waliowatangulia ilipikwa gumbo: mchuzi mzito wa bamia iliyotoka Afrika, au wa unga wa majani ya sasafrasi uliotoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa nchi hii. Mtalii huila akidhani anakula Ufaransa. Lakini tusijidanganye kwamba lugha hii ilikuwa ya mapishi na muziki tu. Ilisikika wapi kwingine?

Ilisikika mnadani. Kwenye pembe ya Chartres na St. Louis, ukutani pembeni mwa hoteli ya sasa, kuna herufi zilizofifia juu ya jiwe la zamani: CHANGE. Ni mabaki ya neno refu zaidi, EXCHANGE, kutoka hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 1838 na kubomolewa karne iliyofuata. Chini ya kuba lake watu waliuzwa, na wanadi walinadi kwa Kifaransa na Kiingereza ili mnunuzi asipitwe. New Orleans ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya watumwa Marekani. Zaidi ya watu 100,000 waliuzwa humu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Herufi zipo juu ya kichwa cha mpita njia, na wengi hupita bila kuinua macho. Waliokufa hapa walizikwa wapi?

Makaburi ya St. Louis namba 1, yaliyofunguliwa 1789, ni kivutio kikubwa, na tangu 2015 mgeni haingii bila kiongozi mwenye leseni. Makaburi yamejengwa juu ya ardhi kwa matofali na lipu. Toleo la kawaida: maji yako karibu, jeneza likizikwa litaibuka. Lina ukweli, mafuriko yaliwahi kutokea. Ila halitoshi. Makaburi ya awali, ndani ya French Quarter, yalikuwa ya kuchimba, na mwaka 2011 uchimbaji wa kuandaa bwawa la kuogelea ulifichua majeneza zaidi ya kumi ambayo hayakuwa yameelea kwenda popote. Kujengea juu ilikuwa pia desturi ya Hispania na Ufaransa kusini, na njia ya kubana nafasi: baada ya mwaka na siku moja mifupa husukumwa nyuma, kaburi likampokea mwingine wa ukoo. Nani hana kaburi la ukoo?

Kumpata huyo ilibidi nivuke mtaa wa Rampart, mpaka wa zamani wa mji. Ng'ambo yake kuna Congo Square. Ni uwanja wa mawe yaliyopangwa kwa miduara chini ya mialoni mikubwa. Sheria ya koloni ya 1724 iliwaachia watumwa Jumapili. Mwaka 1817 mji ukaamuru mikusanyiko yao ifanyike mahali pamoja, na pakawa hapa. Februari 1819 msanifu majengo mmoja mzaliwa wa Uingereza alisikia kishindo alichodhani ni farasi wanaokanyaga sakafu ya mbao. Alipofika akakuta watu 500 au 600 katika miduara, ngoma zikipigwa, na chombo cha nyuzi kilichochongwa sanamu ya mtu. Alichora ala hizo katika shajara yake. Je, aliona jazi ikizaliwa?

Ndivyo wanavyosema mabango: hapa ndipo chimbuko la jazi. Nikapiga hesabu ya miaka. Ngoma za uwanjani zilipungua na kwisha kabla ya vita vilivyoanza 1861. Jazi inaanza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1890. Katikati kuna pengo la miaka 40 au zaidi. Pengo hilo lilijazwa na makanisa, bendi za matarumbeta, misiba, kumbi za dansi na wanamuziki wa familia huru waliosoma nota. Kwa hiyo uwanja ni mzizi mmoja, na ni mkubwa, lakini si mti mzima. Na hiyo Congo ya jina lake, ni Congo ipi?

Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi asidhani ni kwake. Wakongo wa hati za Louisiana walitoka pande za Atlantiki, karibu na mdomo wa mto, mbali na nchi ya Kiswahili. Walikuwa wengi kiasi cha uwanja kuitwa kwa jina lao. Hata hivyo mwaka 1893 serikali ya mji iliubadili jina, ukapewa la jenerali wa jeshi la Kusini. Watu hawakulitumia sana. Ilichukua hadi 2011 jina la Congo Square kurudishwa rasmi. Hadi leo Jumapili alasiri ngoma hupigwa pale, na watalii hukaa kwenye nyasi kusikiliza. Kwa nini wengi wao huishia hapo na kurudi walikotoka?

Wangeendelea kidogo tu wangeingia Tremé, mtaa ambao watu huru wenye asili ya Afrika walijenga na kumiliki nyumba zao tangu mwanzo wa karne ya 19. Kanisa la St. Augustine liliwekwa wakfu humo mwaka 1842. Waumini huru walinunua viti vyao, wakanunua na vingine kwa ajili ya watumwa. Nje, ukutani, kuna msalaba uliolala upande, umetengenezwa kwa mnyororo mnene wa meli wenye kutu, na pingu zinaning'inia. Ni kaburi la mtumwa asiyejulikana, la mwaka 2004. Pete moja ya mnyororo ule haizungukwi na kiganja. Kama historia imejaa hapa kiasi hiki, nani aliamua vivutio viishie mtaa wa Rampart?

Hakuna mtu mmoja wa kunyooshea kidole, na sikumtafuta. Kuna mfululizo wa maamuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 French Quarter ilikuwa mtaa wa wahamiaji maskini kutoka Sicily. Nyumba ya opera ya Kifaransa iliungua 1919. Katiba ya jimbo ya 1921 iliondoa Kifaransa shuleni, na gazeti kongwe la Kifaransa la mji likafa 1923. Ni baada ya lugha kunyamazishwa ndipo sheria ya kulinda majengo ya mtaa ilipokuja, miaka ya 1930, na biashara ya utalii ikanawiri. Mwaka 1969 mpango wa kupitisha barabara kuu kando ya French Quarter ulifutwa. Katika miaka ileile, pale Claiborne, moyoni mwa Tremé, mialoni ilikatwa na barabara kuu ikajengwa juu ya nguzo. Tunakumbuka kilichookolewa. Je, kilichokatwa kinahesabiwa?

Nimeyapima matoleo yote, na uamuzi wangu ni huu. Anayesema mji ni wa Kifaransa ana haki kuhusu ramani, sheria, dini na ngazi moja ya saipresi. Anayesema ni wa Kihispania ana haki kuhusu kuta za baada ya moto na mlango wa uhuru uliofunguliwa mahakamani. Anayesema ni wa Kimarekani ana haki kuhusu roshani. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeibeba Ufaransa hiyo mgongoni na mdomoni kupita moto, mauzo na mnada. Waliobeba ni watu wa Senegambia, wa Kongo, wa Haiti, na wachache wa Makua. Kama hivyo ndivyo, mgeni atembeeje?

Ukienda New Orleans, usiuache uwanja wa Jackson, wala usiikose ngazi ya watawa. Inua macho kwenye herufi za mtaa wa Chartres. Kisha vuka Rampart kwa miguu, ukae Congo Square Jumapili, ufike mpaka kwenye mnyororo wa St. Augustine. Safari nzima si ndefu. Mtu akikuambia umemaliza mji kabla ya kuvuka barabara hiyo, mwombe hati yenye tarehe.